Gari la spoti kwa mnada wa mtandaoni: mnada upi, gari lipi

Mtu anayesaka gari la spoti lililotumika huanza na gari lenyewe. Ameliota miaka, anaujua hata mlio wa ekzosi yake, kisha anaingia mtandaoni kulitafuta popote lilipo. Mimi humshauri aanze upande wa pili: achague mnada kwanza, gari baadaye. Kwenye mnada wa mtandaoni huligusi gari, huliwashi wala huliendeshi. Kilicho mbele yako ni ushahidi tu: picha, video, karatasi na majibu ya muuzaji. Gari lile lile likipitishwa kwenye minada mitatu tofauti, wanunuzi watatu watakuwa wamelijua kwa viwango vitatu tofauti kabla ya kutoa pesa. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuilinganishe.

Kwa gari la spoti jambo hili lina uzito wa pekee. Gari la kwenda kazini likitunzwa vibaya hulalamika taratibu na kila mtu husikia. La spoti linaweza kung'aa kama limetoka kiwandani leo huku injini yake imeshazungushwa kupita kiasi mara kadhaa, na hakuna picha itakayokuambia.

Minada ya wapenzi wa magari

Hapa nazungumzia Bring a Trailer, iliyoanza Marekani mwaka 2007, Cars & Bids iliyokuja mwaka 2020, na Collecting Cars ya Uingereza. Muuzaji hajiwekei tangazo mwenyewe apendavyo. Wenye mnada hupokea maombi, hukataa mengine, kisha huandika maelezo kwa mtindo mmoja unaotaja kasoro pamoja na sifa. Picha ni nyingi, mara nyingi zaidi ya mia, na za uvunguni zimo. Mnada huenda siku kadhaa, aghalabu kama wiki nzima, na kwangu mimi muda huo una thamani kuliko picha zote. Wiki inatosha kumwomba muuzaji video ya injini ikiwashwa baridi, kumtafuta fundi wa mji lilipo gari, kukagua historia kwa namba ya chasi na kulala juu ya uamuzi. Maswali huulizwa hadharani, na watu wanaolijua gari hilo kwa undani huuliza mambo ambayo wewe usingeyawaza. Muuzaji anayekwepa swali, anaonekana na wote.

Ila usidanganyike kwamba mnada wenyewe umelikagua gari. Kilichoandikwa kimetokana na muuzaji. Wenye mnada wameyapanga vizuri tu. Na kwa kuwa wanaojua ni wengi, bei chee ni nadra. Juu ya bei kuna ada ya mnunuzi: Bring a Trailer hutoza asilimia 5, na kiasi hicho huzuiwa kwenye kadi yako pale tu unapoweka dau. Kwa anayenunua gari la spoti kwa mara ya kwanza, bado naiweka minada hii mbele ya yote.

Minada ya Japani kupitia wakala

Mfumo huu ni mwingine kabisa. Nyumba za mnada kama USS huuza kwa wanachama peke yao, kwa hiyo wewe wa nje unapitia kwa wakala. Badala ya picha mia unapata chache, pamoja na karatasi moja ya ukaguzi. Karatasi hiyo ni dhahabu kwa anayejua kuisoma, kwa sababu imeandikwa na mkaguzi wa nyumba ya mnada, si mwenye gari.

Juu kuna gredi. 4.5 na 4 ni gari safi kwa umri wake. 3.5 lina mikwaruzo na mabonde ya kawaida. R au RA maana yake limewahi kugongwa hadi mifupa yake ikaguswa, kisha likatengenezwa. Herufi nyingine, A hadi D, inaeleza hali ya ndani. Chini kuna mchoro wa gari uliojaa alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mawimbi yanayoachwa na kunyoosha bodi au kupiga puti, S ni kutu, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi inaeleza ukubwa.

Chukua karatasi yenye gredi 3.5. Mlango wa kushoto umeandikwa A2, madigadi ya mbele kulia W2, boneti XX. Asiyejua ataona 3.5 na kuridhika kwamba si R. Lakini soma tena: boneti ilibadilishwa, na madigadi ya pembeni yake ilinyooshwa. Gari hili lilikutana na kitu kwa mbele upande wa kulia. Halikupewa R kwa sababu kwa hesabu za Kijapani boneti na madigadi za kufunga kwa bolti hazihesabiwi kuwa mifupa ya gari. Huenda ni kugongana kidogo tu kwenye maegesho. Huenda pia rejeta na vishikio vyake vilisogea. Hapo ndipo unapomwomba wakala amtume mtu akapige picha za ndani ya boneti, kwenye bolti za madigadi: rangi iliyokwanguka kwenye kichwa cha bolti ni alama ya spana.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Gari hupita na kuuzwa kwa sekunde chache, muuzaji humuulizi chochote, na mkaguzi huangalia bodi kwa makini kuliko anavyoipima injini. Kuna pia karatasi za kughushi. Gredi hupandishwa, kilomita hupunguzwa, kisha nakala hutumwa kwa mnunuzi aliye mbali. Omba karatasi halisi kabla ya mnada, na baadaye ithibitishe kwa namba ya chasi kupitia huduma ya ukaguzi isiyohusiana na wakala wako. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana namba ya herufi 17. Yana namba fupi, kama FD3S kwa Mazda RX-7 ya kizazi cha tatu au AP1 kwa Honda S2000, ikifuatwa na tarakimu. Na kabla ya haya yote, jua sheria za nchi yako kuhusu umri wa gari na upande wa usukani. Kuna watu wameshinda gari zuri likakwama bandarini.

Minada ya magari ya bima

Copart, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982, na mwenzake IAA huuza kwa wingi magari ambayo kampuni za bima zimeyafuta. Bei zake ndizo zinazowatoa watu udenda: gari la spoti unalolitamani, nusu ya bei, na kwa picha limeumia bampa tu. Picha ni chache, gari linauzwa lilivyo, hakuna kurudisha. Alama inayosema kwamba gari linawaka na kutembea ina maana kwamba siku lilipofika yadi liliwashwa, likaingizwa gia, likasogea mbele. Haisemi kitu kuhusu leo, wala kama litasimama. Ukichelewa kulitoa, unalipishwa kwa siku.

Bampa halijawahi kuwa bampa tu. Nyuma yake kuna rejeta, taa, waya, na kama mifuko ya hewa imefunguka, kuna dashibodi na mikanda ya kubadilisha. Lililozama ni baya zaidi. Gari la spoti hukaa chini, kwa hiyo maji ambayo kwenye gari refu yangelowesha zulia, hapa yamefika kwenye viti na vifaa vya umeme. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 na Harvey cha mwaka 2017, magari mengi ya namna hiyo yaliingia sokoni. Yanaposafishwa hupendeza, kutu ya waya huanza kuzungumza miezi baadaye. Uingereza angalau wanatenganisha: tangu Oktoba 2017, alama S ni gari lililoumia muundo wake na N ni lisiloumia muundo. Hata hivyo N inaweza kuwa gari lenye umeme uliokufa.

Minada hii ni ya fundi mwenye gereji, au anayetafuta gari la kuvua spea. Kama huna kimoja kati ya hivyo, nakuomba upite.

Yapo pia masoko ya wazi kama eBay, ambako yeyote huweka tangazo lake. Humo utakuta muuzaji mkweli kabisa na tapeli kamili kwenye ukurasa mmoja, na kazi yote ya kuwatenganisha ni yako. Mimi huyatumia kujua bei, si kununua gari la mbali.

Magari mawili, mnada mmoja

Tuseme umeshachagua mnada wa wapenzi, na wiki moja zinatokea Porsche Boxster mbili za muundo wa 987. Ya kwanza ni ya mwaka 2007, ina kilomita 62,000, picha 24, inang'aa, na maelezo yanasema haina tatizo lolote. Ya pili ni ya 2010, ina kilomita 118,000, picha 140, kiti cha dereva kimechubuka pembeni, bampa lina vidoti vya mawe, na kuna faili la risiti. Wengi watakimbilia ya kwanza. Mimi naichukua ya pili, na si kwa sababu ya risiti peke yake.

Injini za Boxster hadi mwaka 2008 zina shafti ya kati inayozunguka kwenye beringi ambayo ikivunjika inaweza kuangamiza injini nzima. Beringi ya miaka ya 2006 hadi 2008 ni kubwa na imara kuliko zilizoitangulia, lakini huwezi kuibadilisha bila kufungua injini. Kuanzia magari ya 2009 Porsche walileta injini mpya isiyo na beringi hiyo kabisa. Kwa hiyo miaka mitatu ya tofauti kati ya magari haya ni zaidi ya umri. Ni injini mbili zisizofanana. Bei moja kwa magari haya mawili si bei ya haki.

Kisha ziangalie picha kwa karibu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 1513 ni wiki ya 15 ya mwaka 2013. Ukiikuza picha ya gari la kwanza ukakuta namba hiyo, tairi lina meno mazuri lakini mpira wake umekufa. Gari halikutunzwa, lilisahauliwa. Mihuri ya mafuta hukauka likisimama, breki hushika kutu. Tairi za mbele zikiwa za kampuni mbili tofauti, ujue mwenye gari alikuwa akinunua kilichopo, na mkono huo huo ndio ulionunua oili. Angalia na mpira wa pedali ya klachi. Ukiwa umelika hadi ukawa laini kwenye gari la kilomita 62,000, uliza.

Muuzaji wa gari la pili alipiga picha hadi mikwaruzo ya rimu. Huyo nitamwamini zaidi akiniambia klachi ni nzima, kwa kuwa ameshanionyesha yasiyomfaidi.

Mwombe kila mmoja video moja isiyokatwa: ianze kwenye geji ya joto ikiwa chini kabisa, mkono uwashe gari, kamera ishuke hadi kwenye ekzosi. Injini ya Boxster iko katikati ya gari na huioni hata ukifungua buti zote mbili, kwa hiyo masikio yatakusaidia kuliko macho. Moshi kidogo wa mara moja kwa injini ya namna hii, yenye silinda zilizolala, si jambo la kutisha. Kugonga kunakoendelea injini ikishapata joto ndiko kunakotisha.

Picha au fundi?

Vyote viwili, lakini fundi akikosekana dau langu hushuka sana, na mara nyingi haliwekwi kabisa. Minada ya wapenzi hukuruhusu kupanga na muuzaji fundi alikague gari ndani ya wiki ile. Japani wakala anaweza kulitazama siku ya mnada bila kuliendesha. Kwenye magari ya bima utaruhusiwa kulitazama yadini, basi.

Tafuta fundi wa aina hiyo ya gari. Fundi mzuri wa magari ya kawaida hatajua kwamba BMW M3 ya E46 huchanika sakafu ya nyuma pale inaposhika fremu ndogo, kwamba Honda S2000 hukwangua gia ya pili sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia) zikichoka, kwamba Mazda MX-5 za mwanzo huoza vizingiti chini ya milango, au kwamba injini ya Mazda RX-8 hupimwa mgandamizo kwa kifaa chake maalumu kwa sababu badala ya pistoni ina rota yenye nyuso tatu. Hayo ndiyo maswali manne ya kumuuliza kabla hujamlipa, kulingana na gari lako.

Kwa Porsche kuna jambo moja ninalolithamini kuliko kipimo chochote. Kompyuta ya injini huhifadhi kumbukumbu za mara ambazo injini ilizungushwa kupita kikomo, zikiwa zimegawanywa katika ngazi sita, pamoja na saa ya kazi ya injini ambapo tukio la mwisho lilitokea. Ngazi za chini ni dereva kukanyaga hadi kikomo, hazina neno. Za juu hutokea mtu akikosea gia, akashusha kwenda ya pili badala ya ya nne, magurudumu yakaisukuma injini kwa nguvu. Hapo kizuizi cha mizunguko ya injini hakisaidii, kwa sababu kinaweza kukata mafuta lakini hakiwezi kuzuia magurudumu. Fundi akikuletea ngazi ya tano na ya sita zenye namba, na tukio ni la karibuni, funga daftari.

Ripoti hiyo hiyo inafichua mita iliyorudishwa nyuma. Gawanya kilomita kwa saa za injini. Gari la pili likiwa na saa 2,600, kilomita 118,000 ni wastani wa kilomita 45 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mji na barabara kuu. La kwanza likionyesha saa 2,900 kwa kilomita 62,000, wastani ni 21. Ama lilikaa maisha yake yote kwenye foleni, ama mita imeguswa. Mwambie fundi aangalie pia kama vipimo vya kujichunguza vya kompyuta vimekamilika. Visipokamilika, huenda kuna mtu amefuta kumbukumbu za hitilafu siku chache zilizopita.

Dau

Minada mingine ina bei ya chini ya siri, ambayo isipofikiwa gari haliuzwi. Mingine haina, na dau la juu linachukua gari hata likiwa dogo. Watu hudhani isiyo na bei ya siri ndiyo nafuu. Kwa kweli huvutia watu wengi zaidi, na ushindani huipandisha. Kwa mnunuzi makini tofauti ni ndogo. Kinachomlinda ni kikomo chake mwenyewe, alichokiandika kwenye karatasi kabla ya siku ya mwisho: bei, ada ya mnada, usafiri, kodi, bima ya njiani, na fungu la matengenezo ya mwanzo. Mimi huweka fungu hilo asilimia 15 hadi 20 ya bei ya gari, kwa sababu oili, tairi na breki za gari la spoti hazisubiri.

Kuvizia sekunde ya mwisho hufanya kazi eBay, ambako saa ikifika inafunga. Bring a Trailer dau likiingia ndani ya dakika mbili za mwisho, saa hurudishwa kwenye dakika mbili, tena na tena. Hapo ndipo watu huvuka vikomo vyao, dakika mbili kwa dakika mbili. Weka dau lako la juu kabisa, ondoka kwenye simu.

Kulipa

Mnada ukiisha ndipo matapeli huamka. Ujumbe unaodai kwamba mshindi ameshindwa kulipa na gari sasa ni lako, ulipe moja kwa moja, usiujibu. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya mnada uone. Muuzaji akipendekeza kampuni ya kushikilia pesa hadi gari lifike, wazo ni zuri, ila usibonyeze kiungo alichokutumia. Kuna tovuti za bandia zilizoigwa hadi rangi na nembo. Andika anwani kwa mkono wako, au chagua kampuni wewe. Jina la akaunti ya benki lifanane na jina kwenye hati ya umiliki. Likiwa la shemeji au rafiki, simamisha malipo hadi hati ibadilishwe. Kama gari bado linadaiwa mkopo, benki inayodai ilipwe kwanza, moja kwa moja.

Na mwombe fundi yule yule, siku anapokagua, apige picha ya namba ya chasi mahali patatu: kioo cha mbele, nguzo ya mlango, na hati. Kwenye namba ya herufi 17 hakuna I, O wala Q. Ukiiona mojawapo, kuna aliyenakili vibaya au aliyeghushi. Zilinganishe herufi kwa herufi, polepole, kabla ya kugusa kitufe cha kutuma pesa.